Kliniki Haiishi kwa Sindano ya Mwisho

Kila Jumanne asubuhi, kabla sijafungua dirisha la mapokezi, huwa napita nje ya zahanati yetu kuwasalimia akina mama waliokwisha kukaa kwenye mabenchi na watoto wao. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya watoto mkoani Iringa kwa miaka 16, na katika miaka yote hiyo sura ya mabenchi yale haijabadilika sana: watoto wa wiki 6, wa wiki 10 na wa wiki 14 huwa wamejaa, wa miezi 9 bado ni wengi, wa mwaka na nusu wamekwisha kupungua, na mtoto wa miaka mitatu akionekana pale mara nyingi amekuja kumsindikiza mdogo wake. Nikimuuliza mama kwa nini huyu mkubwa hapimwi, jibu ninalopewa ni moja, na hutolewa kwa upole na kwa kujiamini: "Huyo alishamaliza, nesi."

Alichomaliza ni chanjo. Kliniki yenyewe, kwa utaratibu wetu hapa Tanzania, inaendelea mpaka mtoto atimize miaka mitano, na ninaandika haya kwa sababu naamini kwa dhati kwamba yale yanayofanyika siku ambayo hakuna sindano ni muhimu sawa na sindano yenyewe. Pengine sisi wahudumu ndio tuliowazoesha wazazi kufikiri hivyo, kwa kuwa mtoto asiyekuja kwa chanjo tunampima haraka haraka, tunaweka nukta kwenye kadi, na tunamrudisha nyumbani bila neno.

Nianze na mizani, kwa kuwa ndiyo kila mzazi anayoijua. Yetu ni ile ya kuning'iniza yenye uso wa mviringo kama saa, inayopima hadi kilo 25, nayo tunaifunga kwenye boriti ya baraza. Kabla ya mtoto wa kwanza natundika kaptula tupu ya kupimia na kurudisha mshale kwenye sifuri, kwa maana hatua hiyo ikirukwa, kila mtoto wa siku hiyo atabeba uzito ambao si wake. Mtoto anavuliwa nguo nzito na nepi iliyoloa, anaingizwa miguu kwenye kaptula, kisha ananing'inia huku akirusha mateke na mshale ukicheza, nami nasubiri mpaka atulie hata kwa sekunde mbili. Wazazi waliochoka na foleni hudhani ninachelewesha kazi, lakini gramu 300 za kukadiria zinaweza kuufanya mstari wa ukuaji upande wakati mtoto anapungua.

Uzito wa siku moja peke yake hauniambii mengi. Kilo 8 ni uzito mzuri kwa msichana wa miezi 9, ilhali msichana wa miezi 18 mwenye kilo hizo hizo amekwisha kuwa chini ya kiwango. Ninachokitazama ni njia ambayo nukta zinachora mwezi baada ya mwezi. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na hilo lisimtishe mama anayenyonyesha vizuri, mradi uzito wa kuzaliwa uwe umerudi mtoto anapofikisha wiki mbili. Kufikia miezi 5 au 6 uzito ule wa kuzaliwa huwa umezidishwa mara mbili, na katika siku ya kwanza ya kuadhimisha kuzaliwa huwa umekaribia mara tatu. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo nauliza maswali kabla mtoto hajakonda machoni pa watu: ananyonya mara ngapi, nani anabaki naye mama akienda shambani, aliharisha lini, kuna mimba nyingine?

Swali hilo la mwisho naliuliza kwa uangalifu, faraghani, kwa sababu katika mitaa yetu mtoto akikonda mama yake hunong'onwa kwamba amembemenda, yaani amemdhoofisha kwa kukutana na mwanamume angali akinyonyesha. Nimewaona akina mama waliochelewa kuja kliniki kwa kuogopa kidole hicho. Kukutana kwa wazazi kimwili hakumkondeshi mtoto. Kinachomkondesha ni kuachishwa ziwa mapema, chakula kisichotosha, na maradhi yanayofuatana bila tiba, na mama anastahili kuambiwa hivyo waziwazi ili aache kujificha.

Kadi yenyewe ina historia ninayoipenda. Daktari Mwingereza David Morley, aliyefanya kazi magharibi mwa Nigeria kuanzia miaka ya 1950, ndiye aliyeeneza wazo kwamba kadi ya ukuaji ikae nyumbani kwa mama badala ya kufungiwa kwenye kabati la hospitali, kwa sababu mtoto ni wa mama na taarifa zake zinapaswa kumfuata popote aendako. Vipimo tunavyolinganisha navyo leo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kuwafuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kulelewa katika mazingira yasiyowazuia kukua. Jambo lililoonekana ni kwamba watoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walirefuka kwa namna inayokaribiana mno. Kwa hiyo mzazi anaponiambia, "Sisi ukoo wetu ni wafupi," humsikiliza kwa heshima, ila siachi kupima.

Hapo ndipo kidonda cha mkoa wetu kilipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba Iringa ndiyo iliyoongoza kwa takriban asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto wa umri huo wamedumaa. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage. Isitoshe, ni huku huku Iringa ambako katika miaka ya 1980 ulianzishwa mpango mkubwa wa lishe, ambapo watoto walipimwa uzito kijijini kwao na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe. Kupima uzito tulikuzoea mapema kuliko wengi. Urefu ndio tuliouacha nyuma.

Kuna sababu ya kawaida tu: kupima urefu ni kazi ya watu wawili. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hulazwa juu ya ubao, mmoja akishika kichwa kiguse kichwa cha ubao, mwingine akinyoosha magoti na kusogeza kipande cha miguuni mpaka kiguse nyayo, na yote hayo mtoto akilia. Aliyetimiza miaka miwili husimama wima bila viatu, visigino, makalio na kisogo vikiwa vimegusa ubao. Siku ya kliniki yenye muuguzi mmoja na watoto 40, ubao hubaki nyuma ya mlango.

Mwaka juzi alikuja mvulana wa miaka miwili kamili, ameletwa na mama yake kwa ajili ya mafua. Alikuwa na mashavu yaliyojaa, na mizani ilisoma kilo 10.9, uzito ulioingia vizuri ndani ya kijani cha kadi. Kwa bahati siku hiyo nilikuwa na mwanafunzi wa uuguzi, tukamsimamisha kwenye ubao: sentimita 79. Mvulana wa umri huo kwa wastani huwa na sentimita 87, na aliye chini ya 81 huhesabiwa kuwa amedumaa. Mama yake alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mbona huyu ndiye mnene kuliko wenzake?" Alikuwa mnene kweli, kwa urefu wake. Mwili uliokosa protini, madini na vitamini kwa muda mrefu hupunguza kurefuka kwanza, ndipo mizani inapoweza kudanganya. Na kinachodumaa si miguu pekee, kwa kuwa miaka hiyo ya mwanzo, tangu mimba mpaka siku ya kuzaliwa ya pili, ndiyo ubongo unaojengeka kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Tulizungumza juu ya chakula kwa muda mrefu. Mtoto yule alikuwa akinywa uji wa sembe mara mbili kwa siku, mwepesi, uliotiwa sukari, na jioni ugali na mchuzi wa mboga. Uji unaomiminika kama maji hujaza tumbo dogo kabla haujampa mtoto nguvu yoyote. Uji mzito nao mtoto mdogo anashindwa kuumeza. Hapa bibi zetu wa Nyanda za Juu wanaijua dawa, ingawa wanaitumia kwa togwa zaidi: kimea. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, unaanikwa juani, vichipukizi vinapepetwa, kisha unasagwa. Pika uji mzito unaosimamisha mwiko, ipua, uache upoe kiasi cha kuonjeka, kisha koroga kijiko cha unga wa kimea. Katika dakika chache uji ule unalegea mbele ya macho yako na kuteleza kutoka kijikoni, wakati unga uliomo ni ule ule mwingi wa mwanzo. Urudishe motoni uchemke kidogo kabla ya kumpa mtoto. Wataalamu wa lishe wa nchi hii waliueneza utaratibu huu tangu miaka ya 1980, na sijui nyumba ya huku ambayo ingeshindwa kuufanya.

Kimea hakitoshi peke yake. Karanga zilizosagwa, maziwa, yai, dagaa waliopondwa, parachichi, ambalo Njombe na Iringa tunalo hata la kuuza nje, viingie kwa zamu kwenye bakuli la mtoto. Kuanzia miezi 6 mtoto apewe milo miwili hadi mitatu kwa siku pamoja na ziwa la mama, na kuanzia miezi 9 milo mitatu hadi minne, pamoja na vitafunwa kati yake. Kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, wala si maji, wala si dawa ya mchango. Kuhusu unga wa lishe unaouzwa ukiwa na nafaka saba na kunde tano ndani ya mfuko mmoja, msimamo wangu ni kwamba unamchosha mama fedha na kumchosha mtoto tumbo. Nafaka moja, na kitu kimoja cha kuongeza leo, kingine kesho, vinatosha. Chai kwenye chupa ya mtoto niiseme mara moja tu: inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, nasi tuna watoto wengi mno wenye viganja vyeupe kwa upungufu wa damu.

Chanjo zenyewe nitazipitia upesi kwa kuwa zimo kwenye kadi. Akizaliwa hupata ya kifua kikuu begani na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huja polio, chanjo ya magonjwa matano pamoja na ya nimonia, na ya kuharisha huanzia wiki ya 6. Ya sindano dhidi ya polio hutolewa wiki ya 14. Miezi 9 na miezi 18 ni surua na rubela. Kipele cha begani kitatoa usaha kidogo wiki chache baada ya kuzaliwa na kukauka chenyewe, na hakihitaji kupakwa chochote. Baada ya miezi 18 bado yako matone ya vitamini A kila miezi sita na dawa ya minyoo kwa aliyetimiza mwaka, ambayo hutolewa kwa wingi Juni na Desemba. Mama mwenye maambukizi ya virusi vya UKIMWI asikose kipimo cha mtoto cha wiki 6, hata mtoto awe na afya njema kiasi gani.

Yapo mengine ambayo jicho la mzazi huyaona kabla yangu. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa mweko inahitaji kuonekana na daktari wa macho wiki hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya jicho. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili ni vivyo hivyo: katika miezi mitatu ya mwanzo mzunguko wake huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, baadaye hupungua, na utepe wa cherehani unatosha kukipima. Vidole vya mikono au miguu vikivimba na kuuma kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, omba kipimo cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Na asiyetabasamu akichekeshwa kufikia miezi mitatu, asiyekaa mwenyewe kufikia miezi 10, au asiyetembea kufikia mwaka na nusu, mlete tumtazame. Mara nyingi nitakwambia usubiri. Nataka niseme hivyo baada ya kumwona.

Sasa maradhi. Kikohozi ndicho kinachowaleta wengi, na watoto wengi wenye kikohozi na kamasi hawahitaji antibayotiki. Wanahitaji maziwa, vinywaji vya uvuguvugu na siku chache, na aliyepita mwaka mmoja hata asali kidogo, ila asiyefika mwaka asipewe asali kabisa. Kazi ni kumtenga mwenye nimonia, nayo mzazi anaweza kuifanya nyumbani. Subiri mtoto atulie au alale, mfunue kifua, weka saa mbele yako na uhesabu kila mara kifua kinapoinuka kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayepumua mara 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka mara 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano mara 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi na aletwe siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri hata kuhesabu.

Nasisitiza kuhesabu kwa sababu ya mtoto mmoja wa miezi 14. Bibi yake alimleta mgongoni saa nne asubuhi. "Shikamoo bibi," nikamwambia. "Marahaba mwanangu, huyu kikohozi kimemkataa, hata kimeo tumekwisha kukikata." Walikuwa wamekwenda kwa mtaalamu wa jadi siku tatu kabla. Nilimfungua mtoto kanga, nikahesabu 54. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi kwa damu aliyopoteza, na koo lilikuwa limeoza. Kimeo hakileti kikohozi. Ni kipande cha nyama ambacho kila mtu anacho, na koo likivimba kwa maradhi nacho huvimba, ndipo kikaonekana kuwa ndicho chanzo. Tulimpa dozi ya kwanza na rufaa, aliongezewa damu, akapona. Yule bibi hakuwa mkatili, alikuwa amekesha naye usiku tano. Sikumgombeza, na naomba wauguzi wenzangu tusiwagombeze, kwa maana anayegombezwa harudi.

Ndivyo ilivyo kwa meno ya plastiki. Mtoto anaharisha na ana homa, fizi zimevimba pale chonge linapokaribia kuota, mtu anasema ni meno ya plastiki yang'olewe, na kinachong'olewa ni jino halisi changa, kwa chombo kichafu. Anayeharisha anahitaji maji mwilini. Kifuko kimoja cha ORS, ile poda ya chumvi na sukari, kwenye lita moja ya maji safi, kisizidi saa 24 baada ya kuchanganywa, na baada ya kila choo chepesi robo hadi nusu kikombe kwa asiyetimiza miaka miwili, nusu hadi kikombe kizima kwa mkubwa. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Aongezewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu: miligramu 10 kwa wa chini ya miezi 6, 20 kwa waliozidi hapo. Ziwa lisikatizwe, na chakula kisikatizwe.

Degedege ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu wapo wanaoamini hadi leo kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo wanamfukiza kwanza. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka mitano anaweza kukakamaa na kutupa miguu kwa sababu tu homa imepanda, na wengi hupona bila madhara. Lakini malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo hivyo, wala hakuna awezaye kuzitofautisha nyumbani. Mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa imedumu dakika ngapi, kisha mkimbize kituoni, kwa maana sindano inayoogopwa ndiyo inayoponya malaria kali. Degedege ni moja ya dalili nne tunazoziita za hatari. Nyingine ni kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, na kulegea au kupoteza fahamu. Yoyote kati ya hizo haisubiri asubuhi.

Tangu mwaka juzi, mtoto akipata sindano ya miezi 18 namwandikia mama kwenye kadi, kwa penseli, tarehe za siku za kuzaliwa zinazofuata, nami nimeomba mhudumu wa afya wa kijiji awakumbushe. Ubao tumeutoa nyuma ya mlango na kuupigilia ukutani karibu na mizani. Jumanne iliyopita watoto tisa kati ya waliokuja walikuwa wamepita miaka miwili, na mmoja wao alikuwa yule mvulana wa sentimita 79, sasa ana miaka mitatu. Alivua viatu bila kuambiwa, akasimama wima, akabana pumzi nilipoteremsha kipande kwenye utosi wake. Mama yake alikuwa amekwisha kuinama kuisoma namba kabla yangu: 89.